Klabu ya roboti kwa watoto wa primari, anza na maboksi kwanza

Watu wengi wakitaka kuanzisha klabu ya kujenga na roboti, swali la kwanza ni vifaa gani vya roboti wanunue. Mi nasema hela kaa nazo kwanza. Kusanya maboksi, chupa, vizibo, mirija na selotepu nyingi (nyingi kweli, ndo huwa inaisha kabla ya vyote) cheza navyo wiki tatu nne hivi. Mtoto ambaye hajaona mnara wake wa boksi ukianguka, ukija kumweleza kwa nini roboti yake inapinduka kwenye kona atakutolea macho tu.

Watoto 12 kwa mtu mzima mmoja wanatosha, wakae wawili wawili. Wakiwa watatu mmoja anageuka mtazamaji, na mara nyingi ni yule mpole. Mmoja ajenge mwingine ashike vifaa, nusu ya muda ikifika wanabadilishana, hapo usibembelezane na mtu.

Roboti ya kwanza nayoipenda ni ile inayochora. Kikombe cha plastiki unakifudikiza, kalamu za rangi tatu unazifunga kwa selotepu ziwe miguu, juu unaweka mota ndogo na betri moja ya rimoti, ile ya volti 1.5, halafu kwenye ncha ya mota unachomeka kipande cha raba ya kufutia. Sasa utamu uko hapa: raba ikikaa katikati kabisa mota inazunguka vizuri tu na kikombe kimetulia tuli. Ukiichomeka upande, uzito unavuta upande mmoja, kikombe kinatetemeka na kuanza kuchora maduara. Usiwaambie! Kuna mtoto aligeuza betri mara tano akijua imekufa, akakaza waya, akanuna, kisha raba ikachomoka akairudisha kombo bila kujua na kikombe kikatembea mpaka kikaanguka mezani. Alichekaje!

Ndo maana mikono yako ikae mfukoni. Akija na "mwalimu haifanyi kazi" muulize umejaribu nini mpaka sasa, basi. Ukimtengenezea wewe, wiki ijayo una foleni ya watoto 12.

Usalama ni mambo machache: gundi ya moto ishikwe na mtu mzima, waya za betri zisiguse pande zote mbili bila mota katikati maana inapata moto haraka, na zile betri bapa kama sarafu mi siziingizi kabisa, mtoto akimeza inaunguza koo ndani ya masaa machache.

Kodi, yaani kuandika amri za kompyuta, ije baadaye. Scratch, programu ambayo mtoto anapanga amri kama vipande vya kuunganisha, ni ya bure, ilitoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, inawafaa kuanzia miaka 8, wadogo zaidi wana toleo lao, ScratchJr. Micro:bit, ile kompyuta ndogo kama kadi yenye taa 25, unaweza kuijaribu kwenye kompyuta kabla hujanunua hata moja. Kompyuta hamna? Mtoto mmoja awe roboti, mwenzake amwandikie amri kwenye karatasi, hatua 3 mbele, geuka kulia, akigonga kiti wakatafute kosa liko mstari gani.

Dakika 15 za mwisho ni za kuonyeshana na kusafisha. Piga picha kabla hamjabomoa, mota na betri zirudi boksini zikiwa zimehesabiwa, kikombe aende nacho nyumbani.