Una mzio wa manyoya na unataka kufuga mtambaazi? Anza na chakula chake

Anayepiga chafya akikaribia paka hasumbuliwi na manyoya yenyewe. Kinachomchokoza ni protini zilizomo kwenye mate na ngozi ya paka, na inayojulikana zaidi huitwa Fel d 1. Paka akijilamba, mate hukauka juu ya manyoya, kisha chembe zake huelea hewani kwa saa nyingi. Mjusi, nyoka na kobe hawana habari hiyo, ndiyo maana watu wengi wenye mzio huwamudu. Ila kizimba chao kina mambo yake, na mengi huingia pamoja na chakula na matandiko. Kwa hiyo usimchague mnyama kwa sura. Mchague kwa anachokula.

Kwanza pima. Mwombe daktari kipimo cha mzio cha kuchoma ngozi, na mwambie aongeze utitiri wa vumbi (vijidudu vidogo mno viishivyo kwenye vumbi la nyumbani), mende na panya. Muulize pia ni siku ngapi kabla ya kipimo uache dawa za mzio, maana huficha majibu. Utitiri una maana hapa: una protini iitwayo tropomiosini, ambayo imo pia ndani ya kamba wa baharini, nyenje na mabuu wa kulishia. Mwili uliozoea kuupinga mmoja unaweza kuwapinga na wengine.

Ukishapata majibu, uchaguzi hupungua wenyewe. Geko chui, aina ya mjusi mdogo, ni mpole na huishi miaka 15 au zaidi, lakini hula wadudu tu. Mjusi mwenye ndevu akikomaa hula majani kwa wingi, ila utotoni wadudu ndio chakula chake kikuu, tena hao huwaepuki kabisa hata baadaye. Nyoka wa mahindi mzima hula panya mmoja kila siku 10 hadi 14, na hapo ndipo watu hujisahau: panya naye ni mnyama wa manyoya! Hata akiwa wa barafu, protini za mkojo wake bado zimo mwilini. Ukiamua hivyo, myeyushe ndani ya mfuko uliofungwa, kwenye maji ya vuguvugu, na umshike kwa koleo. (Wapo nyoka wanaokula mayai ya ndege peke yake, ila makinda wao huhitaji mayai madogo mno, kwa hiyo si wa kuanzia.) Kobe huhitaji nyasi kavu, zenye vumbi, chavua na wakati mwingine kuvu, tena anaweza kuishi kuliko wewe. Iguana mwache: hukua kupita mita 1.5, na wapo watu waliopata mzio wa magamba yake.

Kwa anayedhurika na wadudu na panya pia, tungependekeza geko wa kishungi. Hula unga maalumu wa matunda uliokorogwa na maji, na hustawi kwenye nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi. Kasoro yake ni unyevu: kizimba kisipokauka kati ya unyunyizaji mmoja na mwingine, kuvu huota, na kuvu ni mzio mwingine.

Kabla ya kununua, jijaribu nyumbani kwa mfugaji asiye na mnyama wa manyoya. Kaa saa nzima, mshike mnyama, uwepo anapolishwa na kizimba kinaposafishwa, kisha rudi baada ya siku kadhaa. Kujijaribu dukani penye sungura na paka hakukuambii lolote. Na kama kwako palikuwa na paka, chembe zake hukaa kwenye mapazia na makochi kwa miezi kadhaa baada ya yeye kuondoka. Safisha kwanza, usije ukamsingizia mjusi.

Kizimba kisikae chumbani unamolala. Kwa geko chui mzima, tangi la sentimita 90 × 45 × 45 linatosha: upande mmoja sakafu iwe nyuzi 32 hadi 34, mwingine 24 hadi 26, na kipasha joto kiongozwe na themostati (kidhibiti joto). Tandika karatasi za jikoni badala ya mchanga au nyuzi za nazi. Hazipendezi macho, lakini hazitoi vumbi na hutolewa zima zima na kinyesi chake.

Poda ya kalsiamu usiinyunyize juu ya tangi. Weka wadudu kwenye kopo, tia poda kidogo, funika, zungusha taratibu, subiri dakika moja vumbi litulie, ndipo ufungue. Nunua nyenje wa kulisha siku chache tu. Mavi yao makavu huwa unga mwepesi, na trei ya mayai wanamojificha ukiikung'uta, umeuvuta wote. Itie mfukoni kama ilivyo, ufunge, utupe. Siku ya usafi vaa barakoa ya N95 na glavu, lowanisha kila kitu kwanza, pangusa kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hapana. Gamba lililovuliwa nalo liokote likiwa limeloweshwa.

Dalili zikianza baada ya wiki kadhaa, ondoa kitu kimoja kimoja: nyenje kwanza, halafu matandiko, halafu tafuta kuvu. Mistari myekundu mkononi mara nyingi ni mikwaruzo ya kucha tu. Kifua kikibana au pumzi ikitoa mluzi, acha kumhudumia na umwone daktari.

Lipo jambo lisilohusiana na mzio: watambaazi wengi hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, hata wakionekana wazima. Nawa kwa sabuni kila unapomshika, usioshee vyombo vyake kwenye sinki la jikoni, na usimlete kwenye nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5 au mtu mwenye kinga dhaifu. Ulizia pia kama spishi hiyo inahitaji kibali unakoishi, na mpate mapema mtu atakayekubali kumchukua iwapo kifua chako kitakataa.