Kusimika Uzio wa Vibao vya Vinaili Kwenye Kiwanja chenye Mteremko

Viwanja vingi vya Mikindani hupanda mlima kutoka baharini, na kwa hiyo anayetaka kuizungushia nyumba yake uzio wa vibao hukutana na swali la mteremko kabla hajachimba shimo la kwanza. Vinaili, yaani plastiki ngumu ya PVC ya jamii ya ile ya mabomba ya maji, inafaa sana pwani yetu ya kusini kwa sababu mchwa hawaili na chumvi ya bahari haiitii kutu. Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba upime mteremko kwanza, ndipo uagize mzigo, kwa maana urefu wa nguzo unategemea kipimo hicho.

Kifaa cha kuaminika ni mpira wa maji, ule mwembamba unaopitisha mwanga ambao waashi husawazishia msingi. Ujazeni maji taratibu mpaka mapovu yote yatoke, kwani povu moja likibaki katikati kipimo kitadanganya. Kisha mmoja aishike ncha ya kwanza kwenye kigingi cha juu, mwenzake aishike ya pili kwenye kigingi kirefu cha chini, na maji yakishatulia mtie alama za penseli pale yalipofikia. Pimeni kutoka alama hadi ardhini kwa kila kigingi: tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kushuka kwa kiwanja. Umbali nao upimwe kwa kamba iliyovutwa mlalo, si kwa kulaza tepu juu ya udongo, kwa kuwa tepu inayofuata mteremko huonyesha urefu mkubwa kuliko ule halisi.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya ngazi, ambapo kila paneli, yaani kipande cha uzio kati ya nguzo mbili, hukaa mlalo na kushuka kidogo kwenye kila nguzo. Tuseme kiwanja kinashuka sentimita 120 katika mita 12, na paneli zako ni tano za mita 2.4: kila paneli itashuka sentimita 24. Hapa ndipo wengi hununua nguzo fupi. Nguzo ya katikati hubeba mwisho wa chini wa paneli moja na mwanzo wa juu wa inayofuata, hivyo uzio wenye kimo cha sentimita 120 unahitaji nguzo yenye sentimita 120, na 24 za kushuka, na 5 za nafasi chini ya vibao, na 65 za kufukia, jumla 214. Tena matundu ya fito, zile nondo za mlalo zinazobeba vibao na kuingia ndani ya nguzo, hayatalingana pande mbili za nguzo. Agiza nguzo zisizotobolewa, uzitoboe mwenyewe. Pengo la pembetatu litakalobaki chini ya kila paneli lizibwe kwa mawe yaliyopangwa bila saruji, ambayo huzuia kuku na mbuzi lakini huacha maji ya mvua yapite.

Njia ya pili ni kuzilaza fito za mlalo zifuate mteremko huku vibao vikibaki wima. Mimi naipenda zaidi, kwa sababu haiachi mapengo na macho huufuata uzio bila kukatizwa, ila inakubali mteremko wa wastani tu. Kabla ya kuamua, simamisha paneli moja mahali tambarare, mwenzako akanyage fito ya chini upande mmoja, nawe uinue upande wa pili polepole: vibao vitacheza ndani ya matundu yao, kisha vitakwama. Kimo ulichofikia kabla ya kukwama ndicho mwisho wa paneli hiyo, na ukitaka zaidi ya hapo itakubidi urefushe matundu kwa tupa, moja baada ya jingine. Kumbuka pia kwamba fito ya sentimita 240 inayoshuka sentimita 40 hufunika mlalo wa takriban sentimita 237 tu. Kwa hiyo usichimbe mashimo yote siku moja, bali simika nguzo, ingiza paneli, ndipo upate mahali pa shimo linalofuata.

Mashimo yachimbwe wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Novemba. Kina cha sentimita 65 kipimwe kutoka ukingo wa shimo ulio upande wa chini, kwani huko ndiko udongo unaoishikilia nguzo ni mchache. Kwenye udongo wa kichanga wa Newala na Tandahimba kuta za shimo hubomoka upesi, hivyo mimina zege siku hiyohiyo. Karibu na bahari, mtaimbo ukigonga mwamba wa matumbawe, uchonge na kuupanua mpaka kina kitimie, wala usiifupishe nguzo. Tandika kokoto chini, weka zege la saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, kisha kagua kila nguzo kwa timazi pande mbili zinazopakana. Nguzo hufuata timazi, kamwe haifuati mteremko.

Jua nalo lina sehemu yake. Fito ya mita 2.4 hurefuka milimita 4 hadi 5 joto linapopanda nyuzi 30, kwa hiyo iachie nafasi ya milimita 6 hivi kila mwisho ndani ya nguzo, na usiikaze kwa skrubu wala gundi pande zote mbili, la sivyo itapinda mchana. Skrubu unazotumia ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Geti linahitaji uangalifu wa peke yake. Kama uzio unashuka pale lilipo geti, funga bawaba kwenye nguzo ya upande wa chini, ili geti linapofunguka lipite juu ya ardhi bila kuigusa. Likifungwa upande wa juu, ncha yake itakwaruza udongo. Nguzo ya bawaba ijazwe zege ndani pamoja na nondo ya milimita 12, na geti lisitundikwe kabla zege halijakaa siku saba.