Kukusanya Kurasa za Katuni za Kale Ukiwa Lamu

Anayetaka kukusanya katuni za siasa za zamani asianze kwa kununua, bali achague kwanza kisa kimoja atakachokifuata, maana magazeti ya kejeli ni mengi: Le Charivari la Paris lilianza 1832, Punch la London 1841, Simplicissimus la Munich 1896, na kila moja limeacha maelfu ya kurasa. Mimi, nikiwa mkaazi wa Lamu, nilichagua miaka ambayo Wazungu waligawana pwani yetu. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, hapo ng'ambo yetu tu, katika mkataba ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland. Miezi mitatu kabla yake, tarehe 29 Machi, Punch lilikuwa limechapisha katuni ya John Tenniel inayomwonyesha Bismarck, chansela wa Ujerumani aliyeng'olewa madarakani, akishuka ngazi ya meli kama rubani (kwa maana ile ya kale, ya mwenye kuongoza chombo bandarini), huku Kaisari kijana akimtazama kutoka juu. Ya pili niliyoitafuta ni ya Linley Sambourne ya tarehe 10 Desemba 1892, ambamo Cecil Rhodes, beberu wa Kiingereza, ametanua miguu kutoka Cairo hadi Cape na kuushika waya wa telegrafu kwa mikono miwili. Sisi tuliozoea vijembe vya leso hatuhitaji kufafanuliwa picha kama hiyo.

Punch lilikuwa likijalidiwa kwa nusu mwaka, na wauzaji wengi hulichana jalada na kuuza karatasi mojamoja. Ukimudu, nunua jalada zima, kwa kuwa katuni iliyotengwa na habari za wiki yake hupoteza nusu ya utani wake. Asiyeweza kufika huko kwa bei aanze na Joe, jarida la ucheshi lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Popote utakapoagiza, mwombe muuzaji aufunge mzigo kwa nailoni maradufu, kwani mashua ya kutoka Mokowe haijali karatasi.

Ili kutambua nakala ya juzi, azima lenzi ya sonara. Picha za rangi za Vanity Fair la London, lililotoka 1868 hadi 1914, zilichapwa kwa mawe, na chini ya lenzi huonyesha chembe zisizo na mpangilio. Ukiona vitone vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, hiyo ni nakala ya mashine za baadaye. Katuni ya Tenniel yenye rangi nayo ikutie shaka: gazeti lilizitoa kwa wino mweusi, na rangi hutiwa baadaye kwa mkono ili bei ipande.

Kazi kubwa, hata hivyo, ni kuhifadhi. Karatasi yangu ya kwanza niliitia kwenye fremu na kuitundika ukuta wa upande wa bahari. Kusi moja tu na mvua za masika zilitosha kuijaza madoa ya kahawia, kwa sababu ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa polepole. Kwa sababu hiyo hiyo, zidaka ziachie sahani za kaure. Weka kila ukurasa ndani ya karatasi isiyo na asidi, uulaze chali ndani ya kasha lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta na jua, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo huja ndani ya maboksi ya viatu. Usibandike selotepu hata kama umechanika, wala usiupeleke kufanyiwa laminesheni. Nyuma, pembeni, andika kwa penseli laini jina la gazeti, tarehe na mahali ulipoupata.

Kila Januari, kaskazi inapokausha hewa, fungua kasha asubuhi, kagua kurasa moja baada ya nyingine kivulini ukitafuta mende na mchwa, badilisha vifuko vilivyokwisha nguvu, kisha ufunge kabla ya adhuhuri.