Somo: Kumsimamia mwanafunzi wa fiziotherapia bila kumpokonya mgonjwa

Mwanafunzi wa kwanza niliyekabidhiwa nilipewa bila maelezo yoyote. Mratibu alisema, "Huyu ni wako kwa wiki sita," akaenda zake. Nikafanya nilivyofanyiwa mimi: nikamgeuza kivuli changu. Nikienda wodini yumo, nikimgusa mgonjwa anatazama, nikiandika faili anasoma begani kwangu. Wiki sita zikaisha, nikampa alama nzuri, tukaagana vizuri.

Baada ya kuhitimu akaajiriwa palepale. Siku alipopewa mgonjwa wake wa kwanza wa kiharusi alinifuata kwenye korido akanong'ona, "Mwalimu, huyu naanzia wapi?" Aibu ilinishika mimi. Alikuwa ameniona nikianza mara nyingi mno, ila yeye hajaanza hata mara moja.

Hiki ninachoandika ndicho ningependa mtu aniambie wakati ule. Ni kwa anayeanza kusimamia, ingawa wakongwe nao wakisoma hawatadhurika.

Hatua ya 1: Jua anatoka wapi kabla hajafika

Ongea na chuo. Yuko mwaka wa ngapi, amesoma nini darasani, na chuo kinataka atoke na uwezo gani? Anayejua viungo na misuli lakini hajafika kwenye mapafu usimwanzishe chumba cha wagonjwa mahututi. Chagua wagonjwa wawili au watatu wa kumfaa wiki ya kwanza. Soma karatasi ya tathmini mapema, maana wengi tunaifungua siku ya kuijaza.

Hatua ya 2: Wekeni mpaka siku ya kwanza

Kaeni mahali patulivu kwa nusu saa. Kubalianeni ni mambo gani anaruhusiwa kuyafanya peke yake, yapi ni lazima niwe chumbani, na yapi hayafanyi mpaka mkono wangu uwe pale pale. Kuchukua historia ya mgonjwa asiye na tatizo kubwa kunaweza kuwa kundi la kwanza. Kumsimamisha mtu kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji ni kundi la tatu, hata awe mwanafunzi hodari vipi.

Kubalianeni pia neno la kusimama. Langu ni "tupumzike kidogo". Nikilisema, mwanafunzi anamshikilia mgonjwa pale alipo na mimi naingia. Mgonjwa haogopi, mwanafunzi haaibiki, na hakuna anayepiga kelele. Na kila mgonjwa aambiwe waziwazi kuwa huyu ni mwanafunzi na nani anamsimamia, kisha aulizwe kama ameridhia. Kumwita "daktari mdogo" ili mambo yaende haraka ni uongo.

Hatua ya 3: Ustadi mpya, mizunguko minne

Hii inatokana na Rodney Peyton, daktari wa upasuaji, aliyeieleza mwaka 1998. Kwanza unafanya kwa kasi ya kawaida, kimya. Pili unafanya taratibu huku ukieleza. Tatu yeye anaeleza na wewe unafanya anachosema. Nne anafanya mwenyewe huku akieleza.

Watu huruka mzunguko wa tatu, wakati ndio wenye utamu. Chukua kupima goti kwa goniomita, kile kifaa chenye mikono miwili cha kupimia pembe ya kiungo. Mwanafunzi ananiambia, "Weka goniomita kwenye goti." Naiweka juu ya kilegesambwa, katikati kabisa, kama alivyosema. Anacheka. "Hapana mwalimu, pembeni." Naisogeza pembeni, upande wa ndani. Anaacha kucheka, anafikiri, kisha maneno yanaanza kutoka sawasawa: katikati ya kifaa ikae upande wa nje wa goti, mwishoni mwa mfupa wa paja, mkono mmoja uelekee nundu ya nje ya nyonga, wa pili uelekee kifundo cha mguu upande wa nje. Sasa najua anajua. Angefanya tu kimya kimya, pengine angeniiga na nisingegundua kitu.

Hatua ya 4: Uliza kabla hujajibu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mwanafunzi anatoka kwa mgonjwa, anakueleza alichokiona, anakutazama. Kila kitu mwilini mwako kinataka kusema jibu, kwa sababu unalijua na foleni ni ndefu. Jizuie.

Mwaka 1992 Jon Neher na wenzake, madaktari wa familia kule Marekani, walichapisha njia fupi ya hatua tano ambayo inatufaa hata sisi. Mfanye achague msimamo: "Unadhani tatizo ni nini?" Dai sababu: "Umeona nini kilichokufikisha hapo?" Mpe kanuni moja, si tano. Mwambie alichofanya sawa. Rekebisha alipokosea. Ukiizoea inachukua dakika chache tu.

Swali la kwanza ndilo linalobeba mengine. Mwanafunzi akijibu "inaweza kuwa bega, inaweza kuwa shingo", mwambie achague. Akikosea kwa kuchagua mna kitu cha kufanyia kazi. Akibaki katikati hamna.

Nikuonyeshe moja. Mzee mwenye kiharusi, upande wa kushoto dhaifu, amekaa ukingoni mwa kitanda. Mwanafunzi anataka asimame. "Simama, mzee." Mzee anajikaza, matako yananyanyuka kidogo, anarudi chini. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu mkono wa mwanafunzi unaanza kwenda kwenye mkono dhaifu ili auvute, jambo tusilolifanya kamwe, kwa kuwa bega lile misuli yake imelegea na ukilivuta utaliumiza. Nikasema, "Tupumzike kidogo." Mwanafunzi akaacha. Sikuingia. Nikamuuliza, "Nyayo zake ziko wapi?"

Akatazama chini. Nyayo zilikuwa mbele kabisa ya magoti. Akainama, akazirudisha nyuma ya magoti, moja moja, ule wa kushoto kwa mkono wake. Akamwomba mzee ainamie mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu. Mzee akanyanyuka. Hakunyooka vizuri, na goti la kushoto lilitetemeka, lakini alisimama. Sidhani kama mwanafunzi yule atasahau nyayo maisha yake yote. Ningemwambia tu "rudisha miguu nyuma," angefanya, na kesho yake angesubiri nimwambie tena.

Hatua ya 5: Ujue kunyamaza kunaishia wapi

Nilishawahi kunyamaza vibaya. Mgonjwa alikuwa siku ya kwanza baada ya upasuaji wa nyonga, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mzuri, nikamwamini kupita kiasi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kitandani, najibu simu. Alimkalisha, akamsimamisha, hakupima presha. Uso wa mgonjwa ukapauka, macho yakapanda. Nilifika kwa kuruka, tukamrudisha kitandani pamoja, akazinduka baada ya muda mfupi, hakuumia. Lile lilikuwa kosa langu. Nilikuwa nimeondoa mkono wangu mahali tulipokubaliana uwepo.

Tangu hapo sheria ni hii: mgonjwa anayesimama mara ya kwanza hupimwa presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika tatu za kusimama, tunarudi chini na kumjulisha daktari. Kizunguzungu kikija kabla ya namba, hatungoji namba.

Kuna mambo mengine ambayo hayasubiri maswali ya kufundishia. Mgonjwa wa maumivu ya mgongo akisema ana ganzi sehemu anazokalia, au mkojo umegoma au unatoka bila yeye kujua, mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma baada ya kulala kitandani siku nyingi, usimruhusu mwanafunzi alikande. Hapo ingia, chukua kazi, fundisha baadaye.

Hatua ya 6: Mrejesho wa siku hiyohiyo

"Umefanya vizuri" haimsaidii mtu. Sema ulichokiona: "Ulipomweleza mama zoezi ulimwomba alirudie mbele yako, ukagundua anabana pumzi. Endelea hivyo. Ila ulipopima nguvu ya paja ulimpa alama 4 kabla hujaweka mkono wako kumpinga." Ile 4, kwenye ngazi ya 0 hadi 5 ya kupima nguvu ya misuli, haipatikani kwa macho. Moja la kuendeleza, moja la kubadilisha, yatosha. Msifanyie mbele ya mgonjwa.

Hatua ya 7: Nusu ya muda

Kati ya wiki za mafunzo kaeni na karatasi ileile ya tathmini. Yeye ajaze yake, wewe yako, mlinganishe. Mkitofautiana sana, hapo ndipo pa kuongelea. Na kama kuna hatari ya kutofaulu, aambiwe siku hii, kwa maandishi, na chuo kijue.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama: Shikamoo mwalimu. Mimi nimepewa wanafunzi wawili kwa pamoja na wagonjwa ni wengi. Nitapata wapi muda wa maswali yote hayo?

Jibu: Marahaba. Wawili wanaweza kuwa rahisi kuliko mmoja ukiwatumia vizuri. Mmoja anatibu, mwingine anatazama akiwa na kazi maalumu. Usimwambie "angalia tu." Mwambie, "Tazama miguu ya mgonjwa peke yake anapopanda ngazi na magongo, uniambie mguu upi ulitangulia." Kupanda unatangulia mzima, kushuka magongo na ule mgonjwa. Wakitoka waulizane wao kwanza, wewe uje mwishoni. Watamaliza nusu ya maswali kabla hujafika. Hatari yake ni kuwalinganisha kwa sauti. Usifanye hivyo hata kwa utani.

Mwanachama: Wangu hasemi. Nikimuuliza ananitazama tu. Najisikia kama polisi anayemhoji mtu.

Jibu: Unangoja muda gani kabla hujajibu mwenyewe? Hesabu kimyakimya hadi kumi siku moja uone, ni ndefu kuliko unavyodhani. Kama bado hasemi, punguza swali. "Unadhani ni nini?" ni kubwa mno kwa anayeogopa. "Kati ya goti na nyonga, ungeanza kupima lipi?" linajibika. Na jaribu kufikiri kwa sauti mbele yake ukiwa hujui: "Hapa sina uhakika, ngoja nipime tena." Wengi hunyamaza kwa kuamini sisi tunajua kila kitu.

Mwanachama: Na yule anayejua kuliko mimi? Ananiletea utafiti mpya kila asubuhi.

Jibu: Mshukuru, usome. Kisha muulize, "Huyu wa kitanda cha nne anafanana na wale waliofanyiwa utafiti?" Mtajifunza wote.

Mwanachama: Mgonjwa akimkataa mwanafunzi?

Jibu: Ni haki yake, na haelezi sababu. Mhudumie wewe. Mwanafunzi asiachwe afikiri ni yeye mbaya.

Mwanachama: Kaka, nina wa wiki ya mwisho, si salama. Anasahau kufunga breki za kiti cha magurudumu, nimemwambia mara tatu. Lakini ni mtoto mzuri, ana matatizo nyumbani, na akirudia mwaka atachelewa. Moyo wangu unakataa kumwangusha.

Jibu: Pole, najua uzito wake. Hili ndilo linalotushinda wengi: tunampa alama ya kupita, tunasema wa mbele atamnyoosha, na wa mbele naye anasema vilevile. Huruma ina nafasi yake, lakini nafasi yake ilikuwa kwenye nusu ya muda, mlipokuwa na wiki za kurekebisha. Umeandika zile mara tatu? Tarehe, kilichotokea, ulichomwambia? Kama umeandika, piga simu chuoni leo kabla ya kujaza karatasi, uwaeleze ulichoona bila kuongeza chumvi. Matatizo ya nyumbani nayo waambie, kwa ridhaa yake, kwa sababu chuo kinaweza kumwongezea muda, wewe huwezi. Usimwandikie "salama" mtu uliyeona si salama. Atakayekaa kwenye kile kiti hatajua mwanafunzi alikuwa na shida gani.

Mwanachama: Mimi ni mwanafunzi. Msimamizi wangu ananigombeza mbele ya wagonjwa. Nifanyeje?

Jibu: Mdogo wangu, mwombe dakika tano mkiwa wawili. Usianze na lawama. Mwambie, "Naomba ukiona kosa uniambie tukitoka nje, nitalishika vizuri zaidi." Wengine hawajui wanachofanya, walifundishwa hivyohivyo. Isiposaidia, mwambie mratibu wa chuo chako, ndiyo kazi yake. Ila akikuambia "acha!" kwa sauti kubwa wakati mgonjwa anaanguka, hilo usimhesabie.