Umepokea barua inayokushutumu kukiuka hataza (patent, haki ya mvumbuzi) kuhusu mkoba wa kubebea spika? Anzia hapa

Hatua ya 1. Usijibu chochote bado. Chukua namba ya hataza iliyo kwenye barua, itafute Espacenet, hifadhidata ya hataza ya mtandaoni, ni bure. Tazama nchi, tarehe ya ombi, na kama ada za kila mwaka zinalipwa. Kwa kawaida hataza hudumu miaka 20 tangu kuombwa, na hulinda ndani ya nchi iliyoitoa tu. Mfano ni Andreas Pavel, aliyebuni Stereobelt, mkanda wa kuvaa vifaa vya kusikilizia muziki mwilini: aliomba hataza Italia mwaka 1977 kisha nchi nyingine. Walkman, kicheza kaseti cha kubeba cha Sony, ikatoka 1979. Ujerumani, Sony ilikubali mwaka 1986 kumlipa mrabaha kwa baadhi ya modeli. Uingereza alishindwa, rufaa yake ikatupwa 1996, akabaki na mzigo wa gharama.

Hatua ya 2. Soma madai ya hataza, yaani sentensi zenye namba zinazosema nini hasa kinalindwa, achana na michoro. Wengi huona mchoro unafanana na mkoba wao wakakata tamaa bure. Kata dai la kwanza vipande vipande, tuseme: mkanda wa kiunoni, mfuko unaoshika kifaa, waya wa hedifoni unaopita ndani ya mkanda. Viweke kwenye jedwali, na mbele ya kila kipande andika sehemu ya bidhaa yako inayolingana nacho. Kikikosekana hata kimoja, una utetezi mzuri. Ila kubadilisha kifungo kuwa zipu hakutoshi: mahakama nyingi hutazama pia kama kitu kinafanya kazi ileile kwa namna ileile.

Hatua ya 3. Dai linataja mkoba pamoja na kifaa, nawe unauza mkoba mtupu? Bado hujapona. Uingereza, kuuza sehemu muhimu ya uvumbuzi huku ukijua itatumiwa hivyo ni ukiukaji. Mkoba wa kubebea chochote una nafuu. Uliokatwa kwa umbo la kifaa kimoja hauna.

Hatua ya 4. Tafuta vilivyokuwa hadharani kabla ya tarehe ya kipaumbele (siku ombi la kwanza kabisa la uvumbuzi huo lilipowasilishwa), si ya kutolewa hataza: mikanda ya mafundi, mifuko ya kamera, katalogi za zamani. Ushahidi usio na tarehe ni karatasi tu. Kitu kimoja kikiwa na vipande vyote, dai si jipya tena. Vikitawanyika kwenye vitu tofauti, onyesha kwamba fundi wa kawaida angeviunganisha bila kubuni lolote; hoja ya namna hiyo ndiyo iliyoangusha hataza ya Pavel Uingereza.

Hatua ya 5. Peleka jedwali lako kwa wakili wa hataza. Simamisha oda mpya, tunza ankara na michoro yote, na usiandike neno la kukiri hata kwa WhatsApp.