Venice: lala kisiwani, utoke mapema

Wageni wengi wanaoilalamikia Venice waliiona mchana tu. Watalii wa kutwa huanza kumiminika mnamo saa nne asubuhi, hubanana kwenye vichochoro kati ya stesheni, daraja la Rialto na uwanja wa San Marco, na jioni huondoka. Kwa hiyo lala kisiwani kwenyewe, walau usiku mmoja. Vyumba vya Mestre, upande wa bara, ni nafuu na treni huchukua kama dakika 10, ila utaingia na umati na kutoka nao. Ukilala ndani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi San Marco huwa karibu tupu, na kwenye soko la Rialto wachuuzi wanapanga samaki (soko hilo hufungwa Jumapili na Jumatatu).

Kwenye treni shuka Venezia Santa Lucia, si Venezia Mestre. Mji hauna magari, na madaraja yanapita 400, mengi yakiwa ya ngazi. Sanduku la kilo 25 utalibeba mwenyewe. Kabla ya kulipia hoteli, uliza jina la kichochoro, gati la karibu na idadi ya madaraja hadi mlangoni. Anwani ya mtaa na namba tupu, mfano "Castello 5000", haikufikishi popote, kwa sababu namba huhesabiwa kwa mtaa mzima.

Boti za abiria huitwa vaporetto. Kwa bei za 2025, tiketi ya dakika 75 ni yuro 9.50 na ya saa 24 ni yuro 25, kwa hiyo ukipanda mara tatu kwa siku, ya saa 24 inalipa. Igusishe kwenye mashine ya gatini kabla ya kupanda, la sivyo ni faini. Boti namba 1 hupita Mfereji Mkuu wote. Ipandie Piazzale Roma inakoanzia, maana kituo kinachofuata ni cha stesheni na viti hujaa hapo.

Gondola, mashua nyembamba ya kasia, ni yuro 90 kwa dakika 30 mchana, na 110 kwa dakika 35 kuanzia saa moja jioni. Bei ni ya chombo kizima, hadi watu watano. Patana njia na muda kabla ya kuketi. Kama unataka kuonja tu, vuka mfereji kwa traghetto, gondola ya kuvushia watu, hapo Santa Sofia kwa yuro 2.

Kati ya Oktoba na Januari, bamvua likikutana na upepo wa kusini, maji hupanda. Tangu 2020 milango ya MOSE, ya kuzuia maji, huinuliwa baharini maji yakitabiriwa kufika sentimita 110, lakini San Marco iko chini na huanza kulowa kabla ya hapo. Chukua mabuti ya mpira, au subiri kwa muda wa saa tatu hadi nne maji yapwe.

Ukienda kwa siku moja tu majira ya kuchipua au kiangazi, angalia tovuti ya manispaa: siku kadhaa zina ada ya kuingia. Wanaolala hotelini hawailipi.