Nani akuandikie barua ya mapendekezo ya shule ya sheria?

Anza na mhadhiri aliyesahihisha maandishi yako. Shule za sheria za Marekani zinataka kujua kama unasoma kwa makini na kujenga hoja, na shahidi wa kweli ni yule aliyeipitia insha yako ya kurasa 15 kalamu ikiwa mkononi. Somo si lazima liwe sheria. Historia au hata fizikia inafaa.

Kosa kubwa ni kukimbilia jina zito. Jaji anayefahamiana na baba yako ataandika kwamba umelelewa vizuri, basi. Afadhali mhadhiri kijana anayekumbuka ulivyopingwa darasani, ukarudi wiki iliyofuata na hoja iliyonyooka zaidi. Kama uliacha chuo miaka mingi iliyopita, msimamizi wako kazini anafaa, hasa akiwa amesoma ripoti zako.

Muombe miezi 2 kabla, ana kwa ana ikiwezekana: "Mwalimu, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye uzito?" Akisitasita, mshukuru utafute mwingine, kwa sababu barua ya juujuu inakuumiza. Akikubali, mpe wasifu wako, ile insha yenye maoni yake, na tarehe ya mwisho.

Barua anaiwasilisha mwenyewe, ikiwa na sahihi yake, kwa LSAC, shirika linalokusanya nyaraka za waombaji na kuzituma kwa shule za sheria. Kwenye fomu, kubali kuachia haki yako ya kuisoma. Barua ya siri huaminiwa zaidi. Zikibaki wiki 2, mkumbushe kwa upole.